Nimeifufua L16 ya Datsun 1600 ya mzee: spea zilizostahili hela, zilizonipiga, na HP nilizopata kweli

Kila duka nililoingia kutafuta spea za hii gari, kuanzia hapa Arusha mpaka Gerezani Dar mpaka Kirinyaga Road Nairobi, nilikuta mtu wa kuniahidi HP 150, yaani nguvu ya farasi 150. Weka kabureta hii, 150. Weka kem hii, 150. Jamaa mmoja aliniambia nitafika 150 kwa kubadilisha plagi na waya tu, huyo nilimuaga nikaondoka zangu. Sasa gari imeshatembea, nimepanda nayo milima nimeshuka nayo pwani, imeshapimwa kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, kwa hiyo naandika riviu ya kila kitu nilichonunua na kila huduma niliyolipia. Waliofanya vibaya siwataji, si lengo langu kuwaharibia watu biashara, ila kosa lenyewe nitalisema lilivyo.

Gari ni Datsun 1600 ya 1971, ile wazee wengine wanaiita 510, ya marehemu mzee wangu, ilikaa chini ya mwembe Moshi miaka mingi mpaka kuku wakaona ni kwao. Injini ni L16, cc 1595, silinda nne, bore (upana wa silinda) milimita 83 na stroku (mwendo wa pistoni) 73.7, bloku ya chuma hedi ya alminiamu, kemshafti moja juu (ndiyo hiyo kem, inafungua valvu) inayozungushwa na cheni. Ndugu yake mwenye kabureta mbili, 1600 SSS, ndiye aliyempa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally ya 1970, na ukoo huohuo wa injini za L ndio uliokuwa kwenye 240Z zilizoshinda 1971 na 1973. Kwa hiyo injini si mchezo. Mzee alikuwa anaisifia kuliko alivyotusifia sisi watoto wake.

Kabla sijatoa hata shilingi nilikaa na daftari nikapiga hesabu, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hii hesabu ndiyo iliyoniokolea hela kuliko kitu kingine chochote. HP si uchawi. Ni toku, yaani nguvu ya injini ya kusokota, mara mzunguko, basi. Ukichukua toku kwa Nm ukazidisha na resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ukagawa kwa 7121 unapata HP. Toku nayo inatokana na ukubwa wa injini na jinsi inavyovuta hewa vizuri, na injini ya zamani ya valvu mbili kila silinda, iliyotengenezwa vizuri kwa ajili ya barabarani, usitegemee zaidi ya Nm 70 na kitu kwa kila lita ukiwa kule juu kwenye resi za nguvu ya mwisho. Mimi nilikuwa naenda kuchonga silinda ziwe 84, yaani pistoni za ovasaizi ya milimita moja, injini inakuwa cc 1634. Nikaweka 72 kwa lita, ikaja kama Nm 118, mara 5600, gawa kwa 7121, ni HP 93. Hapo ni usawa wa bahari, kwenye krenki, kila kitu kikiwa safi.

Sasa geuza hesabu kwa yule wa 150. Kwa toku hiyo hiyo ya 118 injini ingetakiwa izunguke resi 9,000 ndio ifike huko. L16 ya mzee wangu! Au iwe na toku ya Nm 190 kwenye resi 5600, ambayo hiyo sasa si kabureta tena, hiyo ni taabo (turbo ya kusukuma hewa ndani) au ni injini nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipoacha kubishana na wauzaji, nikawa nasikiliza tu natabasamu naomba bei.

Na kuna jambo watu wa huku juu tunalisahau, mwinuko. Arusha tuko mita kama 1,400, hewa inayosukuma kuingia kwenye injini ni kama asilimia 84 tu ya ile ya Tanga. Nairobi ni juu zaidi, kama 1,700, unabaki na 81 au 82. Injini isiyo na taabo inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho na hakuna spea ya kuirudisha, kwa hiyo farasi zangu 93 zikifika Nairobi ni 76, toa zinazoliwa na giaboksi na difu, kama asilimia 15, kwenye tairi zinabaki 65. Nikaandika 65 kwa kalamu nyekundu nikaizungushia duara. Hata kile kitabu cha kiwanda kinasema L16 ina HP 96, ila enzi hizo walipima injini ikiwa uchi, haina feni haina alteneta haina ekzosi ya maana, ukiipima ilivyo kwenye gari hufiki huko.

Kuhusu kuchonga silinda kwenyewe, watu wanadhani ukichonga unaongeza nguvu. Kutoka 1595 kwenda 1634 ni asilimia mbili na nusu, hata hutaisikia. Unachonga kwa sababu silinda zimeliwa zimekuwa za yai, unarudisha ulichopoteza. Ukitaka cc za kweli kuna L20B, cc 1952, na hizo ndizo farasi za bei rahisi kuliko zote, simdanganyi mtu. Ila bloku yake ni ndefu kwenda juu kama sentimita mbili, cheni nyingine, na mimi nilitaka namba ya injini ibaki ileile iliyoandikwa kwenye kadi kwa jina la mzee. Hiyo ni hisia siyo ufundi, najua.

Haya, huduma ya kwanza, kushusha hedi. Hii ilinipiga. Gereji niliyoanza nayo vijana wachangamfu, wanaongea vizuri, soda unapewa. Injini za L zina kitu kimoja ambacho asiyezijua lazima kimnase: ukifungua gia ya juu ya kem ili uvue hedi, lazima kwanza ushindilie kabari ya mbao katikati ya cheni, humo ndani kwenye shimo la mbele, kuibana isilegee. Usipoweka, ile tenshona inayokaza cheni huko chini inachomoka pistoni yake na ili uirudishe inabidi ufungue kava lote la mbele. Kabari yenyewe ni kipande cha mti, unachonga kwa panga dakika kumi. Hawakuweka. Nikasikia "tk" ndani ya injini, nikaangalia, kijana akaniambia "hamna shida bro, itajirudi yenyewe ikipata presha ya oili". Haijirudi. Nililipa leba ya kufungua kava, gasketi, sili ya mbele, na siku mbili za bure. Kwa hiyo ukienda kwa fundi na L16 au ndugu zake, swali la kwanza muulize kabari yako iko wapi, akikushangaa, washa gari uondoke kama bado inawaka.

Baada ya hapo ndio nikampata mzee wa mashine, yuko Unga Limited hapa Arusha, hana hata kibao nje, na huyu kama ningeambiwa nitoe nyota ningempa zote halafu nikaazime nyingine. Nilifika na bloku kwenye kirikuu nikamwambia shikamoo mzee nataka kuchonga milimita moja. Akaitikia marahaba, akainama akaingiza kidole kwenye silinda namba tatu akakizungusha, kisha akauliza pistoni ziko wapi. Nikamwambia naagiza wiki ijayo. Akanyoosha mgongo akasema, "Basi na bloku ilete wiki ijayo mwanangu. Mimi sichongi shimo la mtu ambaye sijamuona."

Nilikasirika kidogo maana nimeshalipa kirikuu. Lakini alikuwa sahihi kabisa, na nilivyorudi na pistoni nikaona kwa nini. Alizipanga nne kwenye gazeti, akatoa maikromita kwenye kisanduku chenye kitambaa cha kijani, akapima kila moja pale chini kwenye sketi, akaandika kwa chaki juu ya kila pistoni namba ya silinda yake. Zilitoka boksi moja, kiwanda kimoja, ila moja ilikuwa imewazidi wenzake kwa sehemu mbili za mia za milimita. Sasa nafasi kati ya pistoni na ukuta kwenye hii injini ni kama sehemu nne za mia za milimita, ukichonga mashimo yote sawa bila kupima, ile moja inabana ikipata moto na ndio hizo injini unasikia "imefanyiwa oveholi juzi imegoma leo". Kila shimo alilichonga kwa pistoni yake, akamalizia kwa honi, kile kifaa cha kulainisha ukuta wa silinda, ile michoro ya kukatana ikawa inaonekana vizuri, na akapima tena mbele yangu bila kuombwa.

Huyohuyo ndiye alibalansi konrodi kwa mizani, akasaga ile nzito mpaka zikalingana zote nne, akasawazisha krenki, na kwenye hedi akaweka viti vipya vya valvu za ekzosi vya chuma kigumu, kwa sababu petroli ya risasi iliyokuwa inalinda viti vya zamani iliondoka sokoni Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara tangu 2006. Bei yake? Jumla ilikuwa chini ya bei ya kabureta. Chini ya kabureta jamani, na ndio kazi inayofanya gari ikae resi 5000 bila usukani kutetemeka. Kasoro yake ni moja tu, simu hapokei. Ukitaka kujua kazi imefika wapi unaenda.

Kompresheni nayo, yaani mchanganyiko unabanwa mara ngapi kabla ya kuwaka, ilitaka akili. Kiwandani ni 8.5. Ukichonga bila kugusa kingine inapanda yenyewe kidogo mpaka kama 8.7, kwa sababu silinda imekua ila chumba cha moto ni kilekile. Mimi nilitaka 9.2. Vijana waliniambia panda 10 kabisa, huku juu hewa nyepesi haigongi, yaani petroli hailipuki ovyo ndani ya silinda. Ni kweli huku haitagonga, ila mimi huwa nashuka Tanga kwa shangazi, na kule hewa ni nzito na joto ni lile mnalolijua, gari itagonga kama mtu anatwanga kisamvu na pistoni zitatoboka. Hivi nilivyofanya, kompresheni nimechagua ya sehemu ya chini kabisa ninayokwenda, na jeti nimechagua za sehemu ninayoishi. Kwenye silinda ya cc 408 ukitaka 9.2 nafasi yote ya juu ikibaki inatakiwa iwe cc 50 hivi, kutoka 53. Tulipima vyumba kwa sindano ya hospitali na mafuta ya taa, tumeweka kioo cha plastiki chenye tundu juu ya hedi na grisi pembeni. Vyumba viwili vilikuwa vimepishana karibu cc moja na nusu, kwa hiyo kabla ya kukwangua hedi ilibidi kuvisawazisha kwanza, jioni nzima hiyo.

Ukikwangua hedi ya L lakini kumbuka kem inashuka karibu na krenki, cheni inalegea na taimingi ya kem inachelewa. Unaweka shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, chini ya nguzo za kem, au kama ulichokwangua ni kidogo unahamisha gia ya kem, ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3 kwa ajili ya mambo hayohayo. Ukiona injini imekwanguliwa hedi halafu chini haivuti kabisa, mwenye nayo analaumu kabureta, mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Tuje kwenye kem. Niliyonunua ni ya kusagwa upya, kem ya zamani ya L imesagwa iwe na digrii kama 270 (ndizo digrii za mzunguko ambazo valvu inakaa wazi), ilikuja na basi kutoka Nairobi imefungwa kwenye khanga. Kulikuwa na nyingine ya digrii 300, ya mashindano, bei ni ileile, na muuzaji alikuwa ananisukuma kwenye hiyo. Kwa mtu anayekwenda nayo kazini, achana nayo. Kem kubwa inahamisha nguvu inaipeleka juu, chini ya 3000 unakuwa huna gari, na huku kwetu juu ambako hewa yenyewe ni ya mgao, pale stendi ukiondoka na abiria watatu na viazi vya kutoka Lushoto utachoma klachi. Hii ya 270 nimeipenda. Inaanza kuvuta 2200 na inakwenda vizuri mpaka 5800, silensa, yaani injini ikiwa haijakanyagwa, inatulia kwenye 850, na ina kamtetemo kidogo ka kukumbusha kwamba kuna kitu kimefanyika humo ndani.

Ila muuzaji hakuniambia, na nadhani hajui, kwamba kem ya kusagwa inakuwa nyembamba kwenye duara lake la chini, kwa hiyo roka, ule mkono unaosukuma valvu, inakaa kwa pembe nyingine. Injini za L zina vikofia vidogo vya chuma juu ya valvu ambavyo unabadilisha unene wake kurekebisha hiyo pembe. Nilipaka roka maka peni ya binti yangu ya shule, ya buluu, nikazungusha injini kwa spana mizunguko miwili kwa mkono, nikafungua. Mfuto wa kem, yaani pale ilipofuta wino, ulikuwa umekaa pembeni kabisa ya roka, umebakiza kama milimita moja kudondoka ukingoni. Ningewasha vile, baada ya wiki kem na roka zote zingekuwa zimechimbika. Nilitafuta vikofia vinene zaidi, nikapata seti kwenye hedi ya mtumba, nikapaka tena, nikazungusha tena, mara ya tatu mfuto ukaja katikati. Nafasi ya valvu nikaweka milimita 0.25 ya intek na 0.30 ya ekzosi injini ikiwa ya moto. Kwa hiyo kem nzuri, huduma ya aliyeniuzia ya wastani, na kama huna subira ya kupaka wino mara tatu baki na kem yako ya kiwandani, haina dhambi.

Kabureta sasa. Hapa niliumia hela. Ya kiwandani ya Hitachi ilikuwa imekwisha, shafti ya koo inacheza kama jino la mtoto. Nikaamua Weber 32/36 DGV, ile ya koo mbili, moja ya 32 inafunguka kwanza na ya 36 inafuata ukikanyaga sana. Duka la kwanza waliniuzia "Weber orijino" kwa laki tatu na ushee. Boksi zuri, stika nzuri. Nyumbani nikaishika shafti ikawa na uchezi hata kabla haijafungwa, boya limekaa juu kiasi kwamba petroli ilikuwa inamwagikia kooni, na skrubu ya silensa unaizungusha hakuna kinachobadilika. Wiki mbili nilikuwa nahangaika nayo, mara inamisi, mara inajaa moshi mweusi, mke wangu akaanza kuiita gari "yule mgonjwa". Nilivyoirudisha wakasema kitu cha umeme na kabureta hakirudi. Sawa.

Ya pili nilitafuta ya kweli, ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari, mwilini imeandikwa imetengenezwa Bologna, nikanunua na seti ya vipuri vya kuirekebisha, gasketi, niido na pampu yake. Nililipa zaidi ya mara mbili ya ile feki na nilifunga jioni moja. Tofauti ni ya usiku na mchana, gari iliwaka ikakaa silensa hapohapo. Jeti (katundu kanakopima petroli) ya koo la kwanza ilikuja na 140, kwa Arusha ilikuwa inameza petroli bila sababu na plagi zinakuwa nyeusi, nikashuka 135 plagi zikatoka rangi ya kahawa ya maziwa. Je imeongeza nguvu? Kidogo, juu ya 4500 unasikia ile koo ya pili inafunguka. Hesabu inasema injini yangu hata ikiwa resi 5600 inavuta lita kama 3,900 za hewa kwa dakika, ambazo hii kabureta inazimudu bila wasiwasi, kwa hiyo wale wanaoniambia nifunge Weber za DCOE mbili za 40, zile za kulala, najua zinapendeza na mlio wake unanoga, ila bei yake unajenga choo cha nje na chenji inabaki, na kwa kem ya 270 farasi utakazoongeza utazihesabu kwa vidole.

Ekzosi ya 4-2-1, mabomba manne yanaungana kuwa mawili kisha moja, alinikunjia kijana wa kuchomelea hapa hapa mtaani, nilimchorea kwenye sakafu kwa chaki. Mabomba yako sawa, flenji aliiacha imepinda ikawa inapumua, tukaisaga, sasa imetulia. Nzuri kwa bei. Platini nimeacha za aina ileile ya zamani, seti mpya ya boksi, sina la kusema.

Daino nilikwenda Nairobi, kupitia Namanga, kama kilomita 270, injini ilikuwa imeshatembea 1,500 tangu ifunguliwe na nimeshamwaga oili mara mbili. Huduma safi, waliifunga gari kwa mikanda minne, feni kubwa mbele, bomba la kupima hewa ya ekzosi nyuma, wakaipiga mara tatu. Mashine ikasoma HP 66 kwenye tairi. Nilitoa daftari nikawaonyesha ile 65 ya kalamu nyekundu, yule kijana wa kompyuta alicheka akataka kujua nimesomea wapi.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike hii riviu yote. "Nikuprintie namba gani?" Nikamwambia si hiyo hiyo. Akanionyesha kwenye skrini, akabofya, 66 ikawa 81, hapo amerekebisha iwe kama tuko usawa wa bahari. Akabofya tena, ikawa 95, hapo ameongeza na zile zinazoliwa na giaboksi, kwa makadirio tu. Gari ileile, mguu uleule, karatasi tatu. Sasa mtu anayekuuzia kem anakutolea ile ya 95 akilinganisha na gari ya mwingine iliyopimwa 66, anakwambia unaona, farasi 30! Zote tatu ni kweli ukijua ni za nini. Niliomba ile ya 66, ndiyo iko kwenye faili la gari. Shemeji yangu namwambia 95, maana ana Subaru na anaongea sana.

Kwenye daino hawakunifurahisha jambo moja, walitaka kuongeza taimingi ya moto mpaka ifike pale mashine inaposoma namba kubwa. Nikakataa. Nairobi injini itavumilia, ikishuka Korogwe saa nane mchana haitavumilia. Tulirudisha digrii tatu nyuma, ikapoteza nusu farasi.

Jaribio lenyewe nililolitaka lilikuwa ni Mombo kwenda Lushoto. Kwa wasioijua, unatoka bondeni kule mita 400 hivi unapanda na kona juu ya kona mpaka 1,400, barabara nyembamba, upande mmoja jabali upande mwingine bonde. Mzee enzi zake alikuwa anapanda kwa gia ya pili, sisi watoto nyuma tunahesabu maporomoko. Nilikuwa na watu wazima watatu na mabegi. Nilipanda sehemu kubwa kwa gia ya tatu, 3000 na kitu, unakanyaga kidogo inaitika, na mshale wa joto haukuvuka katikati hata pale tuliposimama nyuma ya fuso la kabichi. Mafuta Arusha hadi Tanga ilikula wastani wa lita moja kwa kilomita 11, siyo mbaya kwa mguu wangu.

Kinachosumbua bado ni kuwaka asubuhi ya baridi, mwezi wa saba huku kwetu lazima uvute choki na usubiri dakika mbili ndio uondoke, ukiharakisha inazima getini. Na kuna oili inatoka kidogo nyuma ya kava la valvu, gasketi yake nimeagiza. Mwezi wa kumi na mbili nashuka tena kwa shangazi, jeti za 140 zipo ndani ya kikopo cha pipi kwenye dashibodi pamoja na bisibisi fupi, na kabari ya mbao nimeitoboa tundu nikaining'iniza kwenye funguo.